Kipande cha ngozi ya mtoto na kingamwili za panya: wanatafuta nini?

"Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Wete, Pemba. Wa kwanza ana miaka minne, mzima. Wa pili ni wa kike, ana wiki saba. Alizaliwa mguu wa kushoto una sehemu haina ngozi, nyekundu kama nyama. Siku ya pili akaanza kutoka malengelenge kila anaposhikwa au nepi inapomkwaruza, hata mdomoni. Kucha mbili zimeng'oka. Walimpima kaswende, hana. Hospitali moja walimkata kipande kidogo cha ngozi, jibu likaja 'lengelenge chini ya ngozi ya juu', basi. Sasa daktari wa ngozi wa Unguja anataka kukata tena, kipande kipelekwe nje ya nchi kikapimwe kwa kingamwili. Mume wangu, ambaye ni mtoto wa ami yangu, amesoma kwenye simu kuwa kingamwili hizo zinatoka kwa panya, tena kuna maradhi ambayo kingamwili ndizo zinazobandua ngozi. Anasema hataki mtoto atiwe kitu hicho. Mkwe wangu anasema ni kijicho, kwao maradhi haya hayapo. Nauliza: kwa nini akatwe mara ya pili? Kidonda kitapona? Kwa nini wasipime damu tu? Na wakishajua, dawa ipo?"

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Pole kwa usiku mnaoukesha, na ahsante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio. Sisi madaktari mara nyingi tunayapata maelezo kama haya kwa kuyavuta moja moja. Umeuliza maswali manne, lakini naona lipo la tano ulilolizunguka bila ya kulitamka: mtoto ambaye ngozi yake inachubuka kwa kuguswa tu, vipi tumkate kwa makusudi? Nitalifikia. Kwanza nimtoe hofu mumeo.

Hakuna kingamwili itakayoingia mwilini mwa mtoto, hata tone. Kipande kinatoka kwake, kinakwenda maabara, na huko ndiko kingamwili zinakodondoshewa juu yake, juu ya kioo, wakati mtoto yuko kwenu Wete amelala. Hakuna kinachorudi isipokuwa karatasi ya majibu. Alichokisoma mumeo si uongo, ila amekutana na mambo mawili yenye jina moja. Kingamwili ni protini ambayo mwili hutengeneza ili ishike kitu kimoja maalumu na kukiacha kingine chote. Kwa kawaida hushika vijidudu. Katika maradhi yanayoitwa pemfigoidi, mwili hukosea ukatengeneza kingamwili za kushika ngozi yake wenyewe, na ngozi hubanduka. Hayo huwapata zaidi wazee. Mara chache sana mama mwenye maradhi ya jamii hiyo humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo, na malengelenge ya mtoto huisha yenyewe ndani ya wiki chache kwa kuwa kingamwili za mama nazo zinakwisha. Wewe hukuandika kuwa ulitoka malengelenge ukiwa na mimba, na mtoto wako ana wiki saba bado yanaendelea. Kwa hiyo si huko ninakoelekeza macho, ingawa kipande hicho hicho kinaweza kupimwa pia ili jambo hilo liondolewe kabisa.

Na kaswende, kwa kuwa najua maneno yanavyozunguka mtaani: aliyeagiza kipimo kile hakukuvunjia heshima. Kaswende ya kuzaliwa nayo inaweza kutoa malengelenge kwenye viganja na nyayo za mtoto mchanga, nayo inatibika, kwa hiyo daktari asiyeipima ndiye wa kulaumiwa. Imeonekana hana, suala limefungwa.

Anachokishuku daktari wako ni maradhi ya kuzaliwa nayo yanayoitwa epidemolisisi bulosa. Hayaambukizi. Kaka yake anaweza kulala pembeni yake bila ya wasiwasi, alimradi asimparamie. Hayatokani na ulichokula, wala na jicho la mtu. Lakini jina hilo ni la ukoo mzima wa maradhi, na ndani ya ukoo huo wamo watoto watakaokua, wakasoma, wakaoa na kuolewa, na wamo ambao hawafiki mwaka wa pili. Wakiwa wachanga wote hufanana. Mimi nimetazama watoto hawa miaka mingi na bado sithubutu kusema kwa macho matupu huyu ni wa aina gani. Ndiyo maana daktari wako anataka kipimo, na ili uone kinatafuta nini, inabidi tuingie ndani ya ngozi.

Chukua dau lililofungwa ufukweni penye mikoko, kama zilivyo pwani nyingi za kwenu. Dau ndiyo seli ya chini kabisa ya ngozi ya juu. Ndani yake lina mataruma, yaani mbavu zake za mbao, yanayolipa umbo na nguvu; kwenye seli, mataruma hayo ni nyuzi za keratini ya 5 na ya 14. Chini ya dau kuna pete zilizopenya ubao, nusu ndani nusu nje: hizo ni protini ziitwazo kolajeni ya 17 na integrini. Kwenye pete imefungwa kamba, nayo ni protini inayoitwa laminini 332. Kamba inashuka mpaka kwenye jarife, yaani wavu mkubwa, lililotandazwa juu ya matope. Jarife hilo limesukwa kwa kolajeni ya 4. Na jarife lenyewe lisingekaa mahali pake kama lisingekuwa limeshikizwa kwa vishwara vilivyozungushwa kwenye mizizi ya mikoko. Vishwara hivyo ni kolajeni ya 7, na sitii chumvi ninaposema vishwara: ni vitanzi kwelikweli, vinatoka kwenye jarife, vinazunguka nyuzi za ngozi ya chini, na kurudi kwenye jarife. Zile kamba na lile jarife kwa pamoja ndiyo utando wa msingi, unaoshikanisha ngozi ya juu na ya chini.

Sasa upepo ukavuma, yaani nepi ikasugua, au bibi akamnyanyua kwa makwapa. Dau limeondoka. Nafasi iliyobaki ikajaa maji, na hilo ndilo lengelenge. Mzee wa pwani akija asubuhi hana haja ya kuwa alishuhudia dhoruba. Anatazama kilichobaki matopeni. Akikuta vipande vya chini vya dau lenyewe, pete zikiwa bado zimefungwa kamba na jarife liko pale pale, atajua dau lilipasuka kwa udhaifu wa mataruma yake. Akikuta jarife limebaki lakini pete zimekwenda na dau, kilichokatika kiko katikati, mara nyingi kamba. Akikuta matope matupu na mizizi tu, jarife lote limeng'olewa likachukuliwa, basi vishwara ndivyo vilivyokatika.

Hizo ndizo aina tatu kubwa. Ya kwanza huitwa simpleksi, ya pili ya maungio, ya tatu distrofiki. Ipo ya nne, ya Kindler, ambayo huachana katika ngazi zaidi ya moja, lakini ni adimu na sitakuchosha nayo.

Mumeo atauliza: kama ni hivyo si watazame tu kwa hadubini? Hapo ndipo pana ugumu. Utando wote huo, kamba na jarife, unene wake ni kama nanomita 100. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 50,000 mpaka 100,000. Hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo kwake yeye kamba, jarife na vishwara ni mstari mmoja. Ndiyo sababu jibu lako la kwanza lilikuwa fupi vile. Tena niseme wazi: "lengelenge chini ya ngozi ya juu" haliondoi hata ile aina ya simpleksi, maana dau likipasuka chini kabisa, vipande vinavyobaki ni vyembamba kiasi kwamba kwa rangi za kawaida hadubini haivioni. Mwaka 1962 daktari wa Marekani, Robert Pearson, alitumia hadubini ya elektroni kuonyesha kuwa malengelenge haya yanaachana katika ngazi tofauti, na tangu hapo ndipo aina zikapangwa vizuri. Lakini hadubini ile ni ghali, inataka fundi bingwa, na iko sehemu chache.

Mwaka 1981 Helmut Hintner na wenzake wakapata njia nyingine, na ndiyo anayoitaka daktari wako. Kama mwanga hauwezi kutenganisha mistari iliyobanana, basi lengelenge lenyewe limeshaitenganisha. Pale ngozi ilipoachana, sehemu moja imekwenda juu kwenye paa la lengelenge na nyingine imebaki chini kwenye sakafu, na baina yao kuna nafasi ambayo hata hadubini ya kawaida inaiona. Kilichobaki ni kuuliza: jarife liko juu au chini? Pete ziko juu au chini? Na wa kumuuliza ni kingamwili, kwa kuwa yeye anashika kitu kimoja tu.

Panya anaingia hapa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakifanya kazi Cambridge, waligundua jinsi ya kuchukua seli ya panya inayotengeneza kingamwili moja, wakaiunganisha na seli ya saratani isiyokoma kuzaliana, wakapata chemchemi isiyokauka ya kingamwili hiyo hiyo moja. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo kingamwili hizo zinakuzwa kwenye vyombo vya maabara na kuuzwa kwenye chupa ndogo. Ipo inayoitwa LH7.2, hiyo hushika kolajeni ya 7 tu. Ipo GB3, hiyo hushika laminini 332. Kila sehemu ya ile kamba na jarife ina yake.

Kazi yenyewe si ndefu. Kipande hugandishwa, kikakatwa vipande vyembamba sana, unene wa kila kimoja kama sehemu tano kati ya elfu moja za milimita, vikawekwa juu ya vioo. Kila kioo hudondoshewa kingamwili yake, kikaachwa, kikaoshwa. Iliyopata mshirika wake imeng'ang'ania. Isiyopata imekwenda na maji. Kisha huja kingamwili ya pili, ya kushika ile ya panya, nayo imebeba rangi ya fluoresini. Ufundi huu wa kuifungia kingamwili rangi ing'aayo ni wa zamani zaidi, ulianzwa na Albert Coons mwaka 1941. Taa inazimwa, mwanga wa buluu unawashwa, na gizani unaona uzi wa kijani ukipita chini ya ngozi kama taa za wavuvi usiku. Sijawahi kuuchoka mwono ule.

Sasa soma na sisi. Kolajeni ya 4, lile jarife, iking'aa kwenye sakafu pamoja na kolajeni ya 17, vyote vimebaki chini: simpleksi. Kolajeni ya 17 iking'aa kwenye paa na ya 4 kwenye sakafu: ya maungio. Vyote viwili viking'aa kwenye paa: distrofiki. Halafu tunatazama wingi wa mng'ao. Mtoto ambaye LH7.2 kwake haing'ai kabisa, vishwara hana, na hiyo kwa kawaida ni distrofiki kali inayorithiwa kwa wazazi wote wawili. Ambaye GB3 kwake ni giza, kamba hana, na habari hiyo ni nzito. Jibu la awali linaweza kutoka siku hiyo hiyo kipande kinapofika, au kesho yake.

Haya, kwa nini akatwe tena? Kwa sababu kipande cha kwanza, naamini, kilitiwa fomalini. Fomalini ni dawa nzuri ya kuhifadhi umbo la nyama, lakini hufunga protini kwa namna ambayo nyingi ya kingamwili hizi hazizitambui tena. Ni kama kumpeleka mtu akamtambue ndugu yake aliyevishwa kinyago. Simlaumu aliyefanya hivyo, kwa sababu nami nimewahi kulifanya kosa hilo hilo. Nikiwa mwanafunzi nilimkata mtoto kipande kizuri, lengelenge jipya, kila kitu sawa, kisha mkono ukakizoea kile kichupa cha kila siku. Mama yake alikuwa ametoka mbali. Nilimwambia ukweli na ilibidi arudi. Tangu siku ile nanusa kila kichupa kabla ya kisu, na vijana ninaowafundisha hunicheka.

Kipande cha safari hii kinatakiwa kiwekwe kwenye maji ya Michel, ambayo hayafungi protini kama fomalini, na huhifadhi kipande kwa siku kadhaa bila ya barafu. Kwetu visiwani, ambako kipande kinaweza kupanda boti na ndege mbili kabla ya kufika, hilo ni jambo kubwa. Njiani kisigandishwe, wala kisiachwe ndani ya gari juani. Jambo la pili ni umri wa lengelenge. Lililokaa zaidi ya nusu siku limeanza kujiponya, seli mpya zinatambaa kwenye sakafu yake, na ngazi inayoonekana inaweza kuwa ya uongo. Madaktari wengi hulitengeneza jipya papo hapo: hukandamiza raba ya penseli kwenye ngozi nzima iliyo karibu, wakaizungusha taratibu mpaka iwe nyekundu, wakasubiri dakika chache, kisha wakakata hapo. Hilo si la kujaribiwa nyumbani. Na wasikate kwenye kiganja wala unyayo. Una haki ya kumuuliza daktari mambo haya kabla ya kupanda boti: je, maji ya Michel yapo? Maabara inayopokea inajua kuwa kipande kinakuja? Akijibu kuwa yatatafutwa, subiri mpaka yapatikane. Kukata kwa mara ya tatu nisingekubali hata mimi.

Na lile swali la tano. Kipande hicho ni cha milimita tatu au nne, mara nyingi cha juu juu tu. Mtoto atachomwa ganzi, nayo sindano yenyewe itauma kidogo. Ukilinganisha na malengelenge anayopata kila siku, kidonda hiki ni kimoja kidogo zaidi, na hupona kama vinavyopona vingine. Anaweza kubaki na alama. Sitakwambia hakiumi. Nakwambia kuwa maumivu yake ni ya siku chache na faida yake, kikifanywa sawasawa, ni kujua unamlea mtoto wa aina gani. Ama kipande chenyewe, hutumika karibu chote. Kama mnapenda kilichosalia kirudishwe au kizikwe, semeni mapema na kiandikwe kwenye fomu. La sheria yake muulizeni shekhe wenu, mimi nisijifanye mjuzi.

Kuhusu damu, umeuliza vizuri kuliko unavyodhani. Kipimo cha jeni kwa damu, au hata mate, kwa sasa ndicho kinachotoa jibu la mwisho. Kinataja jeni lililoharibika, kinaonyesha namna ya kurithi, na ukija kubeba mimba nyingine ndicho kitakachokusaidia. Kingamwili zina mipaka: katika distrofiki nyepesi inayorithiwa kwa mzazi mmoja, kolajeni ya 7 hung'aa vizuri tu, utaona ngazi lakini hutaona kosa. Wakati mwingine kipande hufika hakina mwachano wowote, na maabara haina la kusoma. Lakini jeni nalo lina yake. Huchukua wiki, pengine miezi, gharama yake si ndogo, na mara nyingine hurudi na badiliko ambalo hakuna ajuaye kama lina madhara, na hapo ni ngozi tena inayotoa ushahidi. Kwa mtoto wa wiki saba, ambaye tunataka kujua mapema kama yuko katika kundi la hatari, ningechukua vyote viwili siku moja: ngozi kwa jibu la haraka, damu kwa jibu la kudumu. Kama fedha ni za kimoja tu, na maabara ya kingamwili ni ya kuaminika, ningeanza na ngozi. Daktari mwenzangu mwingine anaweza kuanza na damu, nami nisingegombana naye.

Mkwe wako sasa. Mwambie kwa adabu kuwa huenda ni kweli kwao halipo hata mgonjwa mmoja, na kwenu pia halipo. Aina nyingi kali za maradhi haya zinataka jeni bovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye moja tu ni mzima, hana hata alama, na anaweza kuibeba vizazi na vizazi bila ya kujua. Watoto wa mandugu wawili wana nafasi kubwa zaidi ya kuwa wameirithi jeni moja kutoka kwa babu au bibi yao mmoja. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne, na huyo wa kwanza aliye mzima hakubadilisha hesabu. Lakini zipo aina zinazotokana na jeni moja tu, na nyingine huzuka upya kwa mtoto bila ya mzazi yeyote kuwa nayo. Kwa hiyo kabla ya majibu asinyooshewe mtu kidole, si upande wako wala wao.

Dawa ya kuponya kabisa haipo. Ningekuwa mwongo nikisema vinginevyo. Simpleksi nyingi hupungua makali mtoto anavyokua. Distrofiki kali huacha makovu, vidole vinaweza kushikana, koo la chakula likabana, na ukubwani kuna hatari ya saratani ya ngozi kwenye vidonda sugu, inayohitaji kuchunguzwa kila mara. Ya maungio iliyo kali ndiyo inayotuchukulia watoto wachanga. Huko nje mambo yanasogea. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mtoto wa kiume wa miaka saba mwenye aina ya maungio alipandikizwa ngozi iliyokuzwa kutokana na seli zake zilizorekebishwa jeni, karibu asilimia 80 ya mwili wake. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka yenye jeni ya kolajeni ya 7, kwa distrofiki. Bei zake hazishikiki kwa watu wa kawaida, hata huko kwao. Ila ona kuwa kila moja ya tiba hizi inauliza kwanza: ni kamba, au ni kishwara?

Wakati mnasubiri, mtoto anatibiwa kwa mikono yenu. Msimkande. Najua mtoto wa kwetu hukandwa na kunyooshwa viungo, na bibi atasononeka, lakini kwa huyu kila mkono unaosugua ni dhoruba. Anyanyuliwe kwa kutiwa mikono chini, mmoja chini ya kichwa na mmoja chini ya makalio, bora akiwa juu ya kitambaa laini. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko shuka jipya. Nguo avishwe ndani nje, mishono isimguse. Uzi wa kiunoni, bangili na hirizi ya mkononi visiwe mwilini. Wanaotaka hirizi waitundike kwenye chandarua. Plasta ya kunata isimguse kabisa, ikishabandikwa hutoka na ngozi. Lengelenge kubwa litobolewe pembeni kwa sindano safi ya hospitali, maji yatoke, paa lake liachwe lifunike kidonda. Lisipotobolewa hujitanua lenyewe. Juu papakwe vaselini na kuwekwa kitambaa kisichoshika. Kabla ya kunyonya, paka vaselini midomo yake na chuchu yako.

Kuogeshwa huwauma sana, na hapa chumvi inasaidia: gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Maji hayo huwa karibu na ya mwili na hayachomi kama maji matupu. Msiongeze eti kwa kuwa chumvi ya Pemba ni nyingi. Maabara hutumia maji ya chumvi kali, gramu 58 kwa lita, na kipande cha ngozi kikilazwa humo kwa siku moja au mbili huachana vizuri kabisa kwenye zile kamba. Tunafanya hivyo makusudi tunapopima damu za wale wazee wenye pemfigoidi. Kwa mtoto, ni ile kidogo tu. Na dawa za miti zinazochoma au kukausha, hapana.

Kuna mambo ambayo hayangoji majibu wala barua yangu. Akipata homa, akikataa kunyonya, akipauka au asipoongezeka uzito, kidonda kikinuka au wekundu ukitambaa kukizunguka, jicho likiwa jekundu na hataki kulifungua, mpelekeni siku hiyo hiyo hospitali ya Wete, au Abdulla Mzee kule Mkoani ikiwa ndiko mtakakoelekezwa. Sauti ya kilio ikikauka, akawa analia kama aliyepata mafua makali, au akivuta pumzi kwa kukoroma, hata usiku wa manane msisubiri kuche: aina ya maungio inaweza kubana njia ya hewa. Mwambieni daktari wa zamu kwa maneno hayo hayo, na kwamba asimbandike plasta wala asimfunge mkono kwa mpira bila ya kuweka kitambaa chini yake.

Siku ya kwenda Unguja pandeni boti ya asubuhi, mtoto akiwa juu ya mto laini na si mkononi, na mchukue jibu la zamani na jina la hospitali iliyokata, ili wakikitaka kile kipande cha kwanza wakipate. Lengelenge likitoka njiani, andika saa lilipotoka na usilitoboe. Hilo ndilo daktari atakalotaka kuliona.